Tundu la Hedifoni la Mjomba

Mjomba wangu alifika Handeni asubuhi ya Jumamosi akiwa na gitaa lake ndani ya gunia la mahindi lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Hakupiga simu kabla. Nilikuwa uani nikisafisha vichwa vya betri ya sola. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti nilichomletea, kisha akakisogeza ili mimi nibaki upande wake wa kulia. Sikulitilia maanani jambo hilo. Naliandika mwanzoni kwa sababu lilikuwa la kwanza kuonekana na la mwisho kueleweka.

Alikunywa chai. Aliuliza habari za watoto, habari za mahindi, na kama mvua ya huku ilikuwa imefika walau kwenye kifundo cha mguu. Ndipo akasema lililomleta.

"Nataka unitengenezee amplifaya ndogo. Ya kubeba mkononi. Iwe na spika, na iwe na tundu la hedifoni."

"Ya nini, mjomba?"

"Ya kupigia gitaa. Ulidhani ya kuchemshia maharage?"

Halafu akanieleza. Zamani, wakati akifanya kazi kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe, alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya wafanyakazi. Waliobaki ni wawili, yeye na mpiga ngoma, ambaye pia ndiye mwimbaji. Mpaka leo watu huwaita kwenye harusi za nyumbani, zile za turubai moja na mikeka. Sasa mjukuu wa mpiga ngoma alikuwa anaolewa Kabuku, wiki sita mbele, na mpiga ngoma alikuwa ametamka, mbele ya mke wa mjomba, kwamba gitaa likiendelea hivyo atamwita kijana wa kinanda kutoka Segera.

"Likiendelea vipi?"

"Anasema napotea. Natangulia, nachelewa, nakosa nyuzi." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Mimi nasema ni ile redio."

Redio hiyo niliijua. Ilikuwa redio kaseti kubwa ambayo mjomba alikuwa akichomekea gitaa lake kwa miaka, na koni ya spika yake ilikuwa imechanika ikazibwa kwa gundi na karatasi ya daftari. Ilitetema kama sufuria yenye mfuniko mbaya. Hivyo nilimwamini. Nikajiambia kwamba kazi yangu ni moja: kumpa mjomba kifaa chenye sauti safi kabla ya harusi ya Kabuku, ili asije akaondolewa kwenye kiti alichokikalia tangu ujana wake.

Kuhusu hedifoni sikuuliza. Nyumba yake ya Old Korogwe imepakana ukuta kwa ukuta na chumba cha madrasa, na nilikata shauri mwenyewe kwamba anataka kufanya mazoezi bila kuwasumbua watoto wanaosoma. Ilikuwa sababu nzuri. Ilikuwa yangu, si yake. Lakini mjomba ni ndugu wa mama. Akikwambia anataka kitu, ukaanza kumhoji anakitakia nini, ni kama unapima kama anastahili kupewa. Nilichukua daftari nikaandika: spika, tundu la hedifoni, mpini wa kubebea.

Mimi si fundi wa kusomea. Ninatunza stoo ya vipuri vya pampu za maji, kazi ambayo inamfundisha mtu kuhesabu na kuandika. Mambo ya umeme nilijifunza kwenye kitabu cha fizikia cha sekondari kisicho na jalada, na kwenye redio nilizozifungua bila kuziharibu zaidi ya zilivyokuwa. Nina kanuni tatu. Chora kwanza. Pima kabla ya kulehemu. Kilichokataa kiandike, kwa sababu kilichokubali utakikumbuka bila kuandika. Kanuni ya nne sikuwa nayo wakati huo.

Amplifaya yenyewe haikunisumbua. Nilitumia chipu moja nyeusi yenye miguu mitano, niliyoitoa kwenye spika za kompyuta zilizokufa. Niliifunga kwenye kipande cha alumini ili ipoe, nikaipa umeme wa betri ya pikipiki. Spika ilitoka kwenye mlango wa gari lililokuwa likichinjwa gereji, nayo ilikuwa nzima. Kasha nililitengeneza kwa mbao za msonobari, nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi. Halikuwa la kutikisa kuta. Lilikuwa la kusikika chini ya turubai moja.

Tundu la hedifoni ndilo lililochukua muda, na ndilo nililolipenda zaidi.

Mtu akitazama kwa nje anaona tundu tu. Kwa ndani kuna ulimi mdogo wa chuma. Pini ikiwa haijaingia, ulimi huo umelala juu ya chuma kingine, na umeme wa sauti unapita hapo kwenda kwenye spika. Ukichomeka pini, ulimi unanyanyuliwa, njia ya spika inakatika, na sauti inabaki kwenye hedifoni peke yake. Chomoa, ulimi unalala tena, spika inaamka. Hakuna swichi ya kubonyeza wala cha kukumbuka. Nilifikiri yeyote aliyebuni kitu hicho alikuwa mtu mwenye adabu kwa majirani.

Kulikuwa na mambo mengine mawili. La kwanza, nguvu inayosukuma spika inaweza kuharibu hedifoni, na sikio pia, kwa hiyo njiani lazima uweke rizista ya kuipunguza. Nilianza na ohm mia tatu na thelathini. La pili, hedifoni ina masikio mawili yenye waya mbili tofauti, wakati gitaa lina sauti moja tu. Katika jaribio la kwanza nilisahau hilo. Nilimpa mke wangu avae, nikagusa uzi.

"Sikio moja linaongea," alisema. "La pili linasubiri nini, posho?"

Niliunganisha waya zote mbili kwenye njia moja, masikio yote yakapata. Kisha nikachomeka na kuchomoa pini mara ishirini, nikihesabu. Mara ishirini spika ilinyamaza, mara ishirini ikaamka. Nikaandika kwenye daftari: *Imekamilika.* Nikapiga mstari chini.

Nilikipeleka kifaa Korogwe wiki iliyofuata. Mjomba alilizungusha kasha mikononi, akanusa vanishi, akalikubali. Alichomeka gitaa, akachomeka hedifoni alizonunua mwenyewe, kubwa za kufunika masikio, akaanza kupiga. Mimi sikusikia isipokuwa nyuzi tupu, sauti nyembamba ya chuma, kama kuku anayeparura bati. Lakini niliona uso wake. Alifumba macho. Kidole chake kidogo, ambacho kimepinda kwa ajali ya kazini, kilikwenda kwenye uzi mwembamba kabisa na kubaki hapo, kikitetema. Alipiga wimbo mzima, akaanza mwingine.

"Mjomba," nilimwita. "Mjomba!"

Mke wake alicheka. "Muache. Hajasikia gitaa lake siku nyingi."

Nilidhani anasema juu ya redio.

Alasiri tulikwenda kwa mpiga ngoma, nyumba chache kutoka mtoni. Ni mzee mrefu, Mshambaa, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Yeye na mjomba, ambaye ni Mzigua, hawajawahi kusalimiana bila kutukanana kwanza.

"Karibuni. Naona leo Mzigua umekuja na jeneza la paka."

"Hiki ni kifaa cha kisasa. Nyie watu wa milimani hamjakiona, umeme wenyewe ulipanda huko ukiwa umechoka."

"Haya, kiwashe tuone kama kinaliwa."

Mpiga ngoma alikaa, akaweka ngoma kati ya magoti. Mjomba alichomeka gitaa. Halafu akachomeka hedifoni, akazivaa vizuri, akainamisha kichwa kuashiria yuko tayari. Nilifungua mdomo nimkumbushe kwamba spika itanyamaza. Nikaufunga. Labda alitaka kujipima kwanza, na mimi ni nani wa kumwelekeza mbele ya mwenzake.

Ngoma ilianza. Mjomba akaingia. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia nyuzi tupu, na nasema bila kuongeza chumvi: hakukosea hata pigo moja. Kila ngoma iliposhuka, mkono wake ulikuwa hapo. Lakini mpiga ngoma, hatua nne mbele, hakusikia kitu. Aliendelea kidogo, akimtazama, kisha akasimamisha mikono.

Mjomba aliendelea peke yake, macho amefumba.

"Huyu anapiga gitaa au anakuna upele?" mpiga ngoma aliniuliza.

Nilimgusa mjomba begani. Akafumbua macho, akavua hedifoni, akatutazama mmoja mmoja kwa furaha. "Mmesikia ule mzunguko wa mwisho?"

"Tumeuona," alisema mpiga ngoma.

Nilieleza habari ya ulimi. Nilieleza vizuri mno, kama mtu anayesifia mtoto wake. Ukitaka spika, nikasema, chomoa pini. Mjomba alishika pini kwa muda kabla ya kuichomoa, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Walianza upya. Sasa spika iliimba, sauti safi niliyokusudia, na mjomba akaanza kupotea. Nyuzi nene alizipiga sawa. Alipopanda kwenye nyuzi nyembamba alikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anaweka mguu mahali anapodhani pana ngazi. Alitangulia. Akasimama, akasikiliza, akachelewa. Akainama kuongeza sauti, akaongeza mpaka kasha likaanza kulia, lakini haikumsaidia. Mpiga ngoma aliweka ngoma chini taratibu.

Nilikuwa na majaribio mawili mbele yangu. Mtu yuleyule, gitaa lilelile, wimbo uleule. Kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Mtu aliyekaa miaka na daftari la vipimo hakuhitaji la tatu. Mjomba alikuwa hasikii vizuri. Miaka mingi alifanya kazi kwenye korona, mashine ile inayosaga majani ya mkonge na kutoa nyuzi, ambayo ukiwa karibu nayo unazungumza kwa mikono. Ilikuwa imemla masikio, hasa kwenye sauti nyembamba. Hakutaka hedifoni kwa ajili ya madrasa. Alizitaka ili asikie gitaa lake mbele ya watu, wakati watu nao wakilisikia. Na mimi nilikuwa nimemtengenezea kifaa kinachompa moja ya hayo mawili kwa zamu.

"Mzee mwenzangu," alisema mpiga ngoma, na safari hii hakutania. "Ni harusi ya mjukuu wangu. Labda siku ile upumzike. Ukae mbele kama mgeni wa heshima."

Sijawahi kusikia heshima ikitolewa kwa namna inayouma vile. Mjomba alijikuna kidevu.

"Kifaa kina kasoro," alisema. "Muulize fundi."

Wote wawili wakanigeukia. Nilijua nililolifunga. Nilikuwa nimelichora, nimelipima, nimelihesabu mara ishirini. Hakukuwa na waya hata mmoja mahali pasipo pake.

"Ni kweli, mzee," nilimwambia mpiga ngoma. "Kosa ni langu. Tundu nimelifunga kinyume na kazi yake. Naomba mpaka kesho."

Nilisema hivyo ili kumstahi mjomba. Tulipokuwa tukirudi, kasha likinigonga mguuni, nilirudia maneno hayo kichwani na kuona kwamba hayakuwa na uongo ndani yake.

Nililifungua barazani kwake. Umeme ulikuwepo, jambo nililolishukuru, na pasi ya kulehemu huwa natembea nayo. Kazi ya kwanza haikufika dakika tano. Nilitoa waya wa spika kwenye ule ulimi nilioupenda na kuulehemu moja kwa moja kwenye njia ya sauti. Sasa pini iingie au itoke, spika haitajali. Lakini hedifoni nazo zilihitaji kitufe chao cha kuzungusha, kwa sababu sauti ya kumtosha mjomba siyo ya kuwatosha wageni. Kitufe sikuwa nacho.

"Ile redio unaitaka bado?" niliuliza.

"Redio iliyoniharibia jina? Ichinje."

Nilitoa kitufe chake cha sauti, nikakisafisha, kikazunguka bila mkwaruzo. Nikatoboa kasha, nikakifunga kando ya tundu. Mjomba alifuata kila hatua kwa macho. Mke wake alikuwa amekaa kwenye mkeka, upande wa kulia wa mumewe, akichambua mchicha. Ndipo nilipokumbuka kiti kilichosogezwa uani kwangu. Nikatambua pia kwamba tangu asubuhi sikuwa nimemwona mama huyu akikaa hata mara moja upande wa kushoto.

Zilibaki rizista. Nilikuwa na za ukubwa tofauti kwenye kikopo. Nilihitaji kujua kitu kimoja tu, na katika ukoo wetu hakiulizwi. Huwezi kumwambia mzee, husikii. Unapaza sauti kidogo, unarudia ulichosema kana kwamba ni wewe uliyesahau, na mambo yanakwenda hivyo mpaka kaburini. Nilizimwaga rizista kwenye kitambaa, nikazipanga.

"Mjomba, hedifoni ina masikio mawili, na kila moja lina waya wake. Naweza kuyapa sawa. Au naweza kulipa moja zaidi ya jingine. Nifunge vipi?"

Nilitazama rizista. Mchicha ulikuwa umesimama mikononi mwa mke wake. Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja, na niliwaza kama anawasikia.

"La kushoto liongeze," alisema mjomba.

Nilichukua rizista ndogo, ipitishe sauti zaidi.

"Zaidi ya hapo."

Nilichukua ya ohm mia.

"La kulia usiliwekee kitu. Liache wazi. Hilo nalitaka kwa ajili ya ngoma."

"Alhamdulillahi," alisema mke wake, akarudi kwenye mchicha. "Miaka yote hii naambiwa mimi ndiye ninayenong'ona."

"Unanong'ona pia," alisema mjomba.

Nililehemu. Upande wa kulia wa hedifoni niliukata waya kabisa. Jambo la kuunganisha masikio yote mawili, lililonipa furaha kule Handeni, nalo likaondoka. Tulianza na sauti ya chini, tukapandisha kwa kitufe cha redio kidogo kidogo. Nilimwomba asipite alama niliyoichora kwa penseli, kwa sababu sikio lililobaki na kidogo linaweza kupoteza na hicho. Aliiangalia alama, akaitikia kama mtu anayeonywa kuhusu sukari.

Kesho yake walipiga tena. Mjomba alivaa hedifoni kwa upande, kushoto imefunikwa, kulia imesukumwa nyuma ya sikio. Mpiga ngoma alimtazama, hakutania. Walimaliza wimbo wa kwanza. Wakamaliza wa pili.

"Fundi umerekebisha," mpiga ngoma aliniambia.

"Ndiyo, mzee. Ilikuwa waya."

Harusi ilikuwa Kabuku, nyuma ya maduka ya barabarani, malori yakipita. Nilikwenda na mke wangu. Nilibeba kasha, nikabeba betri ya akiba, nikakaa mahali ninapoweza kuona kitufe. Kilichonitia wasiwasi ni macho ya watu. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshika hedifoni mkononi muda mrefu kabla ya kuzivaa, na nilielewa kwamba kama mtu mmoja tu angeuliza mzee yule amevaa nini sikioni, angezivua, na gitaa lingekwisha hapo.

Alizivaa. Kushoto imefunikwa, kulia wazi, bega limeinuliwa kidogo. Kundi la vijana lilikuwa limesimama kwenye kamba ya turubai.

"Oyaa, cheki babu! Babu ni DJ!"

"DJ mzee! Tupe vitu, babu!"

Walipiga miluzi. Mjomba aliwasikia, kwa sikio la kulia, na nilimwona akitabasamu na kusukuma hedifoni nyuma kidogo zaidi, kwa kujishaua. Ngoma ikashuka. Mkono wake ulikuwa hapo. Alipopanda kwenye nyuzi nyembamba, kile kidole kilichopinda kilikwenda hadi mwisho, kikakaa, kikatetema, na wanawake wakaanza vigelegele. Alipiga hadi bi harusi akatolewa. Alama ya penseli aliipita mara moja tu, nami nilimwangalia mpaka akarudi.

Baadaye, watu walipokuwa wakila, nilikuwa nyuma ya turubai nikifungua betri. Mpiga ngoma alikuja na sahani ya pilau. Alisimama karibu nami akila, akitazama malori. Alilitazama kasha. Akaligusa tundu kwa kidole.

"Hili," alisema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, ya chini kabisa. "Linaweza kuwepo la pili?"

Muda wote huo ni yeye aliyesema gitaa linapotea. Kulikuwa na nafasi kwenye ubao wa mbele, kando ya kitufe cha redio, ya kutosha tundu moja na kitufe kingine.

"Linawezekana, mzee," nilimjibu, nikatoa penseli, na safari hii nikafuata kanuni ya nne, ya kuuliza kabla ya kuchora. "Sikio lipi?"

Aligeuka kuangalia kama mjomba yuko karibu. Hakuwa karibu. Alikuwa mbele na wale vijana, akiwaonyesha hedifoni.

"Yote mawili," alisema.